Mama Mkwe Amenisafishia Uwanja

Mfranjipani, ule mti mfupi wa maua meupe yenye kiini cha njano, hupukutisha majani kiangazi. Huku Mtwara mvua hukatika mwezi wa tano. Ikifika wa nane mti umebaki matawi manene ya kijivu tu. Mzima kabisa, umelala. Anayeujua haguswi na hilo. Mama mkwe alikuwa haujui.

Alikuja kutusalimia Mikindani. Narudi kazini, namkuta na panga mkononi, na mti umebaki kisiki cha kufika magotini, kinachuruzika utomvu mweupe.

"Baba, mti wako ulishakufa. Nimekusafishia uwanja."

Mkwe hajibizwi. "Ahsante mama. Pole na kazi."

Matawi aliyataka yawe kuni. Yakagoma! Yamejaa maji, yanafuka moshi tu, jiko zima likakohoa. Utomvu nao huwasha ngozi, na ukiingia machoni ni balaa. Ngozi huoshwa haraka kwa maji mengi na sabuni, macho kwa maji matupu. Yeye alijifutia khanga, akajikuna hadi usiku, na kesi ikawa yangu: "Mnapanda miti gani nyie?"

Akavitupa vile vijiti kivulini, nyuma ya banda. Kama wiki mbili hivi baadaye akataka vya kushikilia wavu wa kuku. Akavichomeka mchangani, akasuuzia sufuria hapo hapo, akavisahau.

Sasa mwulize fundi wa bustani yeyote. Kata tawi gumu la kijivu, si changa la kijani, sentimita 30 hadi 45, wakati halina majani. Liweke kivulini wiki moja au mbili hadi mkato ukauke. Ukilipanda lingali linavuja utomvu, huoza chini. Lizamishe kama sentimita 10 kwenye udongo wa kichanga. Mwagia mara moja, kisha tulia mpaka majani yachomoze. Wanaoiua mifranjipani ni wenye huruma nyingi na ndoo. Mama mkwe alifuata yote, tena kwa hasira.

Mvua za Desemba kuanguka tu, wigo wa kuku ukachipua majani. Kisiki nacho kikatoa matawi mapya. Majirani wakaja kuomba miche, wakauziwa. Nami nikataka mmoja wa pale mlangoni. Mama akanitajia bei, akanitazama, akalegea kidogo:

"Basi wewe mkwe wangu, baba. Toa nusu."