Zabuni ya Bando

Mimi ni karani wa duka la vifaa vya ujenzi pale Buguruni, na kwa miaka kumi na sita kazi yangu imekuwa kuhesabu: mifuko ya saruji, nondo za milimita 12, misumari kwa kilo, na mabati ambayo fundi akishaondoka nayo hurudi kesho yake kudai kwamba moja lilikuwa na tobo. Mtu wa namna hiyo hapaswi kushindwa na hesabu ya shilingi elfu moja. Hata hivyo nakiri kwamba mwezi uliopita nilishindwa, tena nikiwa na kikokotoo mkononi na daftari la kaunta mbele yangu, kwa sababu elfu moja yenyewe haikuwa ya misumari bali ya bando.

Mwanzoni mwa mwezi huo niliamua kuandika kila shilingi iliyoingia kwenye simu yangu, kama tunavyoandika mauzo ya dukani, na siku ya mwisho nilipojumlisha nikapata 46,500. Nikajumlisha tena kutoka chini kwenda juu, kama nifanyavyo ninapomshuku kijana wa stoo, nikapata 46,500 ile ile. Hiyo ni fedha ambayo mwenye nyumba wangu wa Charambe angeipokea kwa mikono miwili na kuanza kuniita mpangaji wake badala ya "yule wa chumba cha nyuma". Nilipomuuliza mke wangu matumizi yake, alijibu kwa utulivu kwamba kwa mwezi mzima hakuvuka elfu mbili. Mimi sikumwamini lakini daftari lilimwamini, kwa maana mke wangu habipu ovyo; anabipu kwa mpango, mlio mmoja kwa jambo la kawaida na miwili kwa la dharura, na gharama yote ya ndoa yetu kwa upande wa mawasiliano imesajiliwa kwenye laini yangu.

Basi nikatangaza zabuni. Jumapili baada ya chakula cha mchana niliitisha kikao cha Kamati ya Mawasiliano ya kaya, mimi nikiwa mwenyekiti, mke wangu mjumbe, na kijana wetu wa kidato cha pili mtaalamu wa ufundi, ingawa katika shauri lenyewe mtaalamu huyo alikuwa pia mtuhumiwa namba moja. Ajenda ilikuwa moja tu: kampuni ipi na bando lipi linaifaa familia ambayo mshahara wake huisha tarehe 12.

Kuisoma menyu ya bando hadi mwisho ni kazi inayohitaji mtu asiye na watoto wala mboga jikoni. Unabonyeza nyota, tarakimu, nyota, tarakimu na alama ya reli, yanakuja machaguo tisa. Ukichagua la tatu yanazaliwa mengine sita. Na pale unapofika mahali palipoandikwa bei, ukainama kuinakili kwenye daftari, ukiinua kichwa unakuta skrini imejifunga na kukuambia muda wako umekwisha, utadhani ulikuwa kwenye mtihani wa taifa. Kwa mtindo huo tulitumia saa mbili na nusu kupata bei za mitandao mitatu, na tulipozipata hazikukaa kwenye mstari mmoja. Wa kwanza ulitoa dakika nyingi za kupigiana wenyewe kwa wenyewe na chache za mitandao yote. Wa pili ulitoa MB nyingi, nusu yake zikiwa bonasi ya kutumia kwenye programu moja ambayo mimi sina. Wa tatu ulichanganya kila kitu kama pilau la msibani, lakini ukaweka ukomo wa saa 24. Ni sawa na fundi aulize bei ya mchanga, duka la kwanza limjibu kwa ndoo, la pili kwa toroli, na la tatu limwambie mchanga ni ule ule ila kuna nyongeza ya kokoto, zinazotumika kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi.

Mtaalamu wa ufundi alishauri tugawe bei kwa idadi ya MB ili tupate gharama ya MB moja. Katika kunieleza akasema GB moja ni MB 1,024 na si 1,000, jambo lililonigusa moyo, kwani katika maisha yangu yote ya dukani sijawahi kukutana na kipimo kinachozidi. Mke wangu naye akauliza humo ndani serikali inachukua ngapi. Nikamwambia kuna VAT ya asilimia 18, na kuna ushuru wa bidhaa pia. Akasema kumbe serikali nayo inaongea sana.

Sitaki mnione mtu wa manung'uniko peke yangu. Wakazi wa jiji hili wanakumbuka Ijumaa Kuu ya Aprili 2, 2021, tulipoamka na kukuta bei mpya za vifurushi, na kwa kuwa Sikukuu ya Wajinga ilikuwa jana yake, mimi nilidhani ni mzaha uliochelewa daladala. Watu walipiga kelele kiasi kwamba siku hiyo hiyo mabadiliko yalisitishwa. Nimeishi miaka mingi Dar es Salaam, nimeona mafuriko ya Jangwani na foleni ya Ubungo kabla ya madaraja, na sijaona jambo jingine lililotuunganisha namna ile, Simba na Yanga kwa pamoja, tena siku ya mfungo.

Hesabu ya MB moja ilipokamilika, mshindi wa wazi alikuwa kifurushi cha usiku. Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo mgongo wangu unalikumbuka hadi leo. Niliona kwamba kwa fedha ndogo kabisa ninapata GB za kumwaga, nikajiunga, nikamwambia mke wangu alale. Saa sita na dakika moja nikaingia mtandaoni kama mtu aliyealikwa karamu, na kufikia saa saba nilikuwa nimemaliza yote niliyokuwa nayataka: habari, matokeo ya mpira na bei ya bati kutoka kwa msambazaji. Lakini bando lilikuwa bado limejaa, na mimi nililelewa na mama asiyeruhusu chakula kubaki kwenye sahani. Nikaendelea. Nilitazama namna ya kufuga sungura, nikatazama mtu akikarabati injini ya boti, nikatazama mwanamume wa nchi nisiyoijua akila pilipili na kulia. Saa tisa usiku macho yalikuwa yanawaka moto, mlinzi wa nyumba ya jirani alikuwa anachungulia mwanga dirishani kwangu akidhani kuna mgonjwa, na mimi nilikuwa najilazimisha kumaliza GB kama mtu anayemaliza dozi. Kulipokucha zilikuwa zimebaki MB 700, zikafa saa kumi na mbili kamili nikizitazama. Siku hiyo bosi alinikuta nimelala juu ya mifuko ya saruji, na mauzo ya asubuhi yote yakaandikwa kwenye ukurasa wa madeni.

Kikao cha pili kilikuwa cha mashtaka. Kwa muda mrefu nimekuwa nikiamini, na kusema hadharani kwenye daladala, kwamba kuna mtu mahali fulani anayenyonya bando langu wakati nimelala. Kijana wetu akaomba simu, akafungua mipangilio, akaingia mahali panapoonyesha matumizi ya data, kisha akaniwekea mbele ya uso bila kusema neno. Mla bando alikuwa kikundi cha ukoo. Simu yangu ilikuwa imeachwa ipakue yenyewe kila picha na kila video inayoingia, na shangazi yangu wa Tandika hutuma ua jekundu lenye maneno ya asubuhi njema kila siku saa kumi na moja alfajiri, pamoja na mahubiri ya nusu saa. Binamu mmoja alituma kicheni pati nzima, vipande kumi na vinne, na vyote vilikuwa vimepakuliwa vikisubiri nivitazame. Waliosalia katika kesi walikuwa programu zinazojisasisha zenyewe mfukoni bila kuuliza mwenye suruali. Kijana alizima upakuaji huo wa simu yenyewe, akaweka masasisho yasubiri Wi-Fi, na kazi yote haikuchukua dakika tatu. Nilimshukuru kwa sauti ndogo. Kutoka wadhifa wa mtuhumiwa namba moja alikuwa amepanda, na sheria za kikao hazikuwa na kifungu cha kumwomba mtoto radhi.

Hata hivyo zabuni haijafungwa hadi kampuni ichaguliwe, na wajumbe walisema nihame. Tangu Machi 2017 mtu anaweza kuhama mtandao na namba yake ile ile. Mimi kuhama hakunitishi. Nilishahamishwa nikiwa nimekaa, nikaona Celtel ikawa Zain na Zain ikawa Airtel, Mobitel ikawa Buzz, Buzz ikawa Tigo, na Tigo mwaka 2024 ikawa Yas, nami muda wote huo nimebaki na jina lile lile na mshahara ule ule. Nikaenda kwa kijana mmoja anayekaa chini ya mwavuli karibu na kituo cha Buguruni Sheli.

"Una deni, mzee," akaniambia baada ya kuangalia. "Ulikopa salio, halijarudi. Lilipe kwanza ndipo tuanze."

Lilikuwa shilingi 550, na nilikuwa nimelikopa ili nimpigie mtu ninayemdai elfu arobaini, ambaye hakupokea. Nikaona kuliko kuondoka mahali kama mkimbizi, afadhali ninunue laini nyingine na kuiweka kwenye tundu la pili, kwa kuwa simu zetu hizi za Kariakoo huja na matundu mawili kana kwamba walioziunda walikwishafanya utafiti juu ya ndoa zetu na mitandao.

Kijana akaomba namba ya NIDA, tarakimu 20, na alipoanza kuiingiza akazisoma nane za mwanzo, yaani tarehe ya kuzaliwa, kwa sauti iliyosikika hadi kwa muuza mihogo: "Elfu moja mia tisa sabini na mbili! Mzee, kumbe umekula chumvi!" Kisha akanisogezea kile kidude cha alama za vidole. Nikaweka dole gumba, kikawaka, kikakataa. Nikaweka la kushoto, kikakataa. Akanifuta kidole kwa kona ya fulana yake, kikakataa. Miaka kumi na sita ya saruji ilikuwa imenilainisha vidole kama kigae, na kwa macho ya mashine sikuwa Mtanzania wala mtu mwingine yeyote. "Jipanguse kipajini, baba, pale pana mafuta mafuta," akasema, nami nikasimama pembeni mwa barabara ya Uhuru nikijisugua uso kwa dole gumba huku abiria wa daladala wakinitazama kwa huruma. Mara ya saba kidole cha shahada kilikubaliwa. Laini ikawaka saa nane na dakika ishirini, na saa nane na dakika ishirini na sita, kabla sijampa namba hiyo hata mke wangu, ukaingia ujumbe wa kwanza: ile hela itume kwenye namba hii. Nikaupeleka 15040, namba ya kuripoti matapeli, kama inavyoelekezwa, lakini moyoni nilimheshimu mtumaji kwa kasi yake ya kazi.

Ilibaki kumjulisha mama. Mama yuko kijijini Masasi, ana kitochi, na mnara unaofika vizuri kwake ni mmoja, wa mtandao ambao kamati yangu ilikuwa imeushusha hadi nafasi ya mwisho kwa kura tatu. Laini yangu mpya kwake ni "mitandao yote", na dakika za mitandao yote ndizo walizonipimia kwa kijiko. Nilikuwa na dakika 15. Nikasema zinatosha.

Saa mbili usiku nikampigia. Nikamwamkia, akaitikia, akauliza habari za Dar es Salaam, habari za mkwewe, habari za kila mjukuu kwa jina lake, habari za kazini, za bosi, za yule bosi wa zamani aliyefariki; nami kwa adabu nikauliza habari za nyumbani, za jirani, za goti lake, za mikorosho, za mvua, na za mbuzi aliyevunjika mguu. Salamu kwetu hazifupishwi, na hakuna kampuni iliyowahi kukadiria bando kwa kumfikiria mbuzi. Kanuni zinataka mteja aarifiwe matumizi yakifika asilimia 75, na kwa hilo sina lawama: simu ikatetemeka sikioni mwangu tukiwa bado kwenye mguu wa nyuma wa kulia.

"Mama," nikamkatiza kwa unyenyekevu, "kuna jambo?"

"Lipo, mwanangu. Kubwa. Lakini kwanza shangazi yako wa Tandika hajambo? Mbona siku hizi hanitumii salamu?"

Nikamweleza kuwa shangazi hajambo kabisa na kwamba salamu zake zote huja kwangu. Akacheka, akakohoa, akasogeza kiti. Nilikisikia kikiburuzwa sakafuni.

"Sasa nisikilize vizuri baba, maana hili sijamwambia mtu. Lile shamba la marehemu baba yako…"

Ndugu mteja, umemaliza kifurushi chako.

Salio la kawaida lilikuwa sifuri, na huduma ya kukopa ikanijibu kwamba laini yangu ni changa, sijafikia vigezo. Nikavaa kandambili kwenda dukani kwa Mangi, nikakuta amefunga. Nikiwa bado nimesimama kizani mbele ya lile duka, simu ikaita mlio mmoja ikakata, kisha miwili, ikakata.

Sikujua mama naye alifundishwa lini, ila mwalimu wake namjua.