Kunyanyua mbele ya pikapu: kinacholika ni nini hasa?

Pikapu nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimeinamisha pua. Sababu ni mzigo: ukipakia, nyuma hushuka na gari likakaa sawa. Asiyebeba mzigo kila siku hutaka kupandisha mbele milimita 40 au 50, na hapo mabishano huanza. Wapo wanaosema ukishanyanyua tu, hesabu sivijointi (viungo vya kwenye shafti za magurudumu), boljointi (viungo vinavyoliruhusu gurudumu kupanda, kushuka na kukata kona) na tairi kuwa zimekwisha. Wengine hujibu kwamba vifaa hivyo viliundwa kupanda na kushuka kutwa, kwa hiyo milimita 50 hazina neno. Wote wana hoja, lakini wote wanapima kimo. Uchakavu haufuati kimo. Unafuata pembe za viungo na nafasi iliyobaki ya gurudumu kushuka, na vitu hivyo viwili hutegemea zaidi namna ulivyonyanyua.

Tuanze na shafti za mbele, yaani vyuma vinavyopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu, na sivijointi zake mbili, ya ndani na ya nje, maana ndizo zinazotajwa kwanza. Kwenye gari ambalo kila gurudumu la mbele linapanda na kushuka peke yake, difu (kisanduku cha gia kinachogawa nguvu kwa magurudumu mawili) imefungwa kwenye chasisi. Ukinyanyua chasisi, difu inapanda nayo, gurudumu linabaki chini, na shafti inalala zaidi. Chukua shafti yenye milimita 450 kati ya viungo vyake viwili, iliyoanza na mlalo wa nyuzi 7. Ukipandisha milimita 50, mlalo unapita nyuzi 13. Namba hiyo haivunji kitu: kiungo cha nje hustahimili zaidi ya nyuzi 40, kwa sababu ndicho kinachofuata usukani. Ila usukani hukatwa kwa sekunde chache, wakati mlalo wa kunyanyua unabaki safari nzima. Kila mzunguko, gololi na rola husafiri umbali mrefu zaidi ndani ya vijia vyake, joto linaongezeka na grisi inachoka mapema. Kiungo cha ndani, chenye rola tatu, hakipendi mlalo mkubwa, na dalili yake ni mtetemo unaosikika ukikanyaga mafuta na kupotea ukiachia.

Hata hivyo, mara nyingi kinachoanza kufa ni kava la mpira linalofunika kiungo. Mlalo ukizidi, mikunjo ya upande mmoja inabanana na kusuguana hadi inatoboka. Utaona mstari wa grisi umerushwa ndani ya rimu. Ukichelewa kubadilisha kava, mchanga na maji vinaingia, na baada ya hapo kiungo hakidumu. Anayelaumu pembe analaumu chanzo cha mbali. Kilichokula chuma ni mchanga.

Wanaotetea kunyanyua wana hoja nzito hapa. Pikapu isiyovuta kwa mbele haina shafti hizo kabisa. Yenye habu za kufunga kwa mkono (vifaa vya katikati ya gurudumu vinavyoliunganisha na shafti), ukizifungua, shafti hazizungushwi na magurudumu. Lakini zipo ambazo shafti huzunguka muda wote hata kama gari linavuta kwa nyuma tu. Hizo hazibebi nguvu nyingi, ila kava zake zinasuguana kila kilomita. Jua gari lako liko kundi gani kabla ya kumwamini yeyote.

Sasa namna ya kunyanyua, na hapa ndipo penye uzito. Spesa ya juu ni bamba nene linalofungwa kati ya kichwa cha shokapu na chasisi. Kwa kuwa shokapu hukanyaga karibu na katikati ya mkono wa chini (chuma kinachoshika gurudumu kwenye chasisi), si kwenye ncha yake, bamba la milimita 25 hupandisha gari takriban milimita 45 hadi 50. Hakikisha kama namba iliyoandikwa kwenye kifurushi ni unene wa bamba au ni kimo utakachopata, maana anayekosea hapo hupata karibu mara mbili ya alichotaka. Shokapu ikisogezwa chini hivyo, gurudumu linaponing'inia linashuka kupita kiwanda kilivyokusudia. Mkono wa juu unaweza kugusa koili, yaani springi, na shina la boljointi ya juu likagonga ukingo wa kikombe chake. Gurudumu likisukumwa juu kabisa, shokapu inaweza kufika mwisho wake wa ndani kabla mkono haujagota kwenye raba ya kuuzuia, na kishindo chote kikaishia kwenye pistoni na vali.

Spesa ya ndani hukaa juu ya springi na haibadilishi urefu wa shokapu. Kiwango cha kuning'inia kinabaki cha kiwanda, kwa hiyo sivijointi haifiki mahali ambapo haikuwahi kufika. Ubaya wake ni mwingine. Kama gurudumu lilikuwa na milimita 90 za kushuka na umepandisha 50, zimebaki 40. Shimo la kawaida tu na shokapu inavutika hadi mwisho, ikigonga kwa sauti kavu. Kukaza bolti ya tosheni baa (fimbo ya chuma inayojisokota, inayofanya kazi ya springi), kwa pikapu za aina hiyo, kunaleta matokeo yaleyale: chuma hakiwi kigumu zaidi, gari linasimama tu karibu na mwisho wa juu wa safari yake.

Springi zilizopimwa kwa uzito wa gari pamoja na shokapu zinazolingana nazo ndizo njia yenye hasara ndogo. Kuna jambo linalosahaulika katika ubishi huu: mwenye bampa ya chuma na winchi, ambaye mbele imeshuka milimita 30, akirudisha kimo hicho kwa springi ngumu hajanyanyua kitu. Amerudisha pembe za kiwanda, na viungo vinamshukuru.

Bushi za mikono ya chini (mipira ya pale mikono inapoungana na chasisi) zinastahili kuangaliwa kwa karibu kuliko kitu kingine, maana huharibiwa na kazi ya siku moja. Mpira wa bushi umeshikana na bomba la chuma la ndani, na bolti ikikazwa bomba hilo halizunguki tena. Mkono ukipanda au kushuka, ni mpira wenyewe unaojisokota. Fundi akikaza bolti gari likiwa juu ya jeki na magurudumu yananing'inia, ameufunga mpira katika hali hiyo. Gari likishushwa, bushi imeshasokoteka kabla haijatembea hata mita moja, na inaanza kupasuka. Wengi wakiiona wanasema kunyanyua kumeua bushi. Si kweli. Bolti zilegezwe, gari lishushwe kwenye tairi, lisukumwe mbele na nyuma likae sawa, kisha zikazwe kwa spana ya torki kwa kipimo cha mtengenezaji.

Alaimenti (kupanga pembe za magurudumu) haina mjadala: lazima ifanywe siku hiyohiyo. Tairi ikilalia nje italika bega la nje. Zikitazamana vibaya, vipande vyake vinalika kama meno ya msumeno, na ukipitisha kiganja utahisi makali upande mmoja. Kasta (mlalo wa mhimili wa usukani kuelekea nyuma) ikipungua, usukani unakuwa mwepesi na gari linatangatanga kwenye mwendo. Mashine ikishindwa kurudisha kasta kwenye kipimo, mikono ya juu iliyotengenezwa kwa kimo hicho ndiyo dawa, au ushushe gari kidogo.

Lawama nyingi zinazobaki ni za tairi kubwa zinazofuata baada ya kunyanyua. Kutoka 265/65R17 kwenda 285/70R17, kipenyo kinatoka milimita 776 hadi 831, ongezeko la asilimia 7. Spidi mita ikionyesha 100, gari liko karibu 107. Uzito unaongezeka, na rimu inayotoka nje milimita 30 zaidi inaipa beringi mkono mrefu wa kuipinda. Hapo boljointi, tairodi (fimbo za usukani) na beringi huchakaa kweli, na zingechakaa hata bila spesa.

Pikapu zenye ekseli nzima mbele, kama Land Cruiser 79, zina hesabu tofauti. Kasta inapungua na ekseli inasogea kidogo upande kwa sababu ya fimbo inayoishika, lakini shafti za ndani hazijui kama gari limepanda.

Kwa maoni yangu, milimita 30 hadi 40 kwa springi sahihi ni salama kwa pikapu nyingi. Milimita 50 kwa spesa ya juu na mikono ya kiwanda isikubaliwe kabla ya kipimo hiki: weka chasisi juu ya stendi imara, magurudumu yaning'inie, kata usukani hadi mwisho pande zote. Tazama kama mikunjo ya kava inabanana, kama mkono wa juu unagusa koili, kama hosi ya breki na waya wa ABS vimevutika. Zungusha gurudumu kwa mkono, ukihisi linakwama au linagonga, punguza kimo. Baada ya kilomita 500, springi mpya zikishakaa, pima tena alaimenti, na ushushe mwanga wa taa za mbele, kwa sababu zilipanda pamoja na pua.