Kabla hujanunua kitabu cha kujazia risasi, fungua ukurasa wa bunduki yako

Kijana mmoja wa Bukavu, ambaye huwa tunapiga naye shabaha Jumamosi hapa Pennsylvania, alinipigia simu mwezi uliopita akiwa na furaha tele. "Kaka, mashine ya kujazia risasi ninayo, mizani ninayo, baruti ninayo. Sasa kitabu, nichukue kipi?" Nikamwambia baruti aifungie kabatini kwanza. Kitabu ndicho kilichotakiwa kutangulia, maana ndicho kinachokwambia baruti gani ununue.

Kwa asiyeyajua mambo haya: Marekani mtu anaruhusiwa na sheria ya shirikisho kujaza risasi za matumizi yake mwenyewe nyumbani. Akitaka kuziuza, hapo ndipo anapohitaji leseni ya mtengenezaji. Ganda lililokwisha kupigwa husafishwa, hurudishwa kwenye umbo lake, hutiwa fataki mpya (kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti), hupimiwa baruti, kisha hukandamizwa kichwa kipya, yaani kile kipande kinachoruka. Baruti hupimwa kwa greni, na ratili moja ina greni 7,000. Ukikumbuka udogo huo utaelewa kwa nini nachukua jambo la kitabu kwa uzito. Kosa lenyewe huwezi kuliona kwa macho.

Watu wengi huchagua kitabu kwa unene wake au kwa wingi wa kaliba zilizomo. Mimi nasema ukiwa dukani fungua ukurasa wa kaliba unayoitumia, ufunike kwa kiganja safu ya vipimo vya baruti, kisha usome kilichobaki. Je, wameandika bunduki waliyojaribia? Urefu wa mtutu? Mifuo, ile mifereji ya ndani ya mtutu, inajizungusha mara moja kwa inchi ngapi? Ganda la kampuni gani, fataki ya kampuni gani, risasi nzima ina urefu gani ikishakamilika? Kama yote hayo yapo, hicho ni kitabu. Kama kilichobaki ni jina la baruti na mwendo wa kichwa tu, kirudishe.

Chukua .30-06, kaliba ya tangu mwaka 1906 ambayo mpaka leo wawindaji wengi wa kulungu wanaipenda. Weka vitabu viwili mezani, tafuta kichwa cha greni 150 na baruti ile ile. Utakuta kikomo cha juu hakilingani. Mgeni akiona hivyo husema kimoja kimekosea, au husema hiki cha chini kimeandikwa na waoga, kisha anachagua kile kinachompendeza. Soma maelezo ya juu ya jedwali. Mmoja amejaribia mtutu maalumu wa maabara, mwingine bunduki ya dukani. Mmoja katumia kichwa chenye nyuma iliyochongwa, mwingine chenye nyuma bapa kinachogusa mtutu kwa sehemu kubwa zaidi. Fataki nazo ni tofauti. Kila kimoja kinasema kweli juu ya kile kilichotokea kwake siku hiyo. Ndiyo maana unaanzia chini na kupanda kidogo kidogo, ukitazama ganda lako baada ya kila hatua.

Hili sikulijua kwa kusoma. Nilipoanza, jirani mmoja mzee alinipa kitabu chake cha miaka ya 1970, kwa moyo mwema kabisa. Nilikuwa na haraka, msimu wa kulungu ulikuwa karibu, nikaanzia karibu na kikomo badala ya chini. Risasi ya tatu komeo, kile chuma kinachofunga ganda kwa nyuma, likagoma kuinuka. Nililipiga kwa kiganja likafunguka, ganda likatoka na fataki imelala bapa kama sarafu, na chini ya ganda pana doa linalong'aa, chapa ya komeo lenyewe. Zote hizo ni dalili za shinikizo lililozidi. Nilikaa kimya pale kwenye benchi muda mrefu. Risasi 37 zilizobaki nilizirudisha nyumbani na kuzing'oa vichwa moja baada ya nyingine.

Kitabu cha zamani kina thamani yake, lakini si ya kujazia. Zamani shinikizo la ndani ya chemba, pale risasi inapokaa ndani ya bunduki, lilipimwa kwa kipande kidogo cha shaba. Gesi ilikiponda, nao wakapima kimepondeka kiasi gani. Siku hizi hutumia kihisi cha umeme. SAAMI, chombo cha watengenezaji wa silaha na risasi kilichoundwa mwaka 1926, kinaiwekea .30-06 kikomo cha 50,000 kwa kipimo cha shaba, na ratili 60,000 kwa inchi ya mraba kwa kihisi. Risasi ni ile ile, nguvu ni ile ile, lugha mbili. Nimemsikia mtu mzima akidai kwamba "wameongeza" kikomo kwa 10,000, kwa hiyo kipimo cha kitabu chake cha zamani kina nafasi ya ziada. Hoja kama hiyo inaweza kumtoa mtu jicho. Zaidi ya hapo, baruti inayouzwa leo kwa jina la zamani si lazima iwe imetoka kiwanda kile kile.

Na majina ya baruti yenyewe ni mtego. Kuna 4350 ya Hodgdon, ya IMR na ya Accurate. Namba moja, baruti tatu, na kila moja inaungua kwa kasi yake. Kitabu kizuri huandika jina lote, neno kwa neno, nawe ulinganishe na kopo lako herufi kwa herufi.

Sasa nijibu swali la kijana. Ninunue kipi? Kwanza kile cha kampuni iliyotengeneza kichwa chako. Ukipiga vichwa vya Hornady, nunua cha Hornady, maana wao wamejaribu vichwa vyao na si vya wengine. Ukihamia vichwa vya shaba tupu, kama walivyolazimika wawindaji wa California baada ya risasi za madini ya risasi kupigwa marufuku katika uwindaji kuanzia tarehe 1 Julai 2019, usibebe kipimo cha kale. Shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi, kwa hiyo kichwa cha uzito ule ule huwa kirefu zaidi, kinaingia ndani ya ganda na kubana nafasi ya baruti. Pili, cha Lyman, hasa kwa anayeyeyusha na kumimina vichwa vyake mwenyewe, na kwa sababu hakijifungi kwenye vichwa vya kampuni moja. Tatu haigharimu kitu: Hodgdon huweka vipimo vyao kwenye intaneti bure, pamoja na shinikizo la kila kipimo, jambo ambalo vitabu vingi vya vichwa hawaliandiki. Mimi hulinganisha vyote vitatu kabla ya kugusa mizani.

Mwenye M1 Garand, bunduki ya zamani ya jeshi la Marekani inayotumia .30-06, ana mzigo mwingine. Bunduki ile hujiendesha kwa gesi, na baruti inayoungua polepole mno inaweza kupinda fimbo inayosukuma komeo hata kama chemba iko salama kabisa. Hornady wameitengea jedwali lake. Kitabu kisichoitenga Garand na .30-06 nyingine, kwa mtu wa Garand, hakifai.

Vile vijitabu vyembamba vya kaliba moja, vilivyokusanya kurasa kutoka huku na huku, ni vya kulinganishia tu. Vimeacha sura za mwanzo zinazofundisha kazi yenyewe, na mwanafunzi anazihitaji sura hizo kuliko jedwali lolote.

Jumamosi iliyopita kijana alikuja na Hornady kwapani, vikaratasi vya manjano vimejaa kwenye sura za mwanzo. Hakuniuliza kiasi cha baruti. Aliniuliza kwa nini risasi yake ikiwa ndefu kama ya kitabuni inagusa mifuo ya mtutu wake, na bunduki ya kitabuni haikugusa. Tuliongea juu ya hilo mpaka uwanja ukafungwa. Kopo lake la baruti bado halijafunguliwa.