Herufi Zikiwa Ndogo, Usishushe Rezolusheni

Mtu akiwasha kompyuta mpakato yenye mfumo wa Linux au FreeBSD akakuta herufi ndogo kama chembe za mchanga, mara nyingi hukimbilia kushusha rezolusheni ya skrini, yaani idadi ya pikseli (vitone vinavyounda picha), kutoka 1920 kwa 1080 hadi 1366 kwa 768. Herufi hukua kweli, ila kingo zake hufifia, nami naona hilo ni kosa.

Skrini bapa ina idadi moja tu ya pikseli, iliyowekwa tangu kiwandani, tofauti na zile za zamani zenye kisogo kirefu ambazo zilipokea vipimo mbalimbali bila taabu. Ukiilazimisha kuonyesha pikseli 1366 mahali penye 1920, kila pikseli ya picha hutandazwa juu ya pikseli 1.4 hivi za kioo, na kwa kuwa pikseli ya kioo haigawanyiki, rangi za jirani huchanganywa, ndipo ukungu unapoingia.

Afadhali kuiacha skrini kwenye kipimo chake cha asili na kukuza maandishi yenyewe. Kwa anayetumia X, mfumo mkongwe wa kuchora madirisha kwenye skrini, mstari wa Xft.dpi: 144 (nukta kwa inchi) katika faili la mipangilio la .Xresources, badala ya 96 iliyozoeleka, hukuza herufi mara moja na nusu baada ya kuusomesha kwa amri ya xrdb -merge ~/.Xresources na kufungua programu upya. Zipo programu kongwe zisizoutii mstari huo, nakiri. Kwenye Wayland, mrithi wa X, ukuzaji hupangwa katika mipangilio ya eneokazi.

Kuhusu desturi ya kunakili mistari ya Modeline (vipimo vya skrini vilivyoandikwa kwa mkono) ndani ya xorg.conf, faili la mipangilio ya X, kwa skrini ya mpakato naiona imepitwa na wakati, kwani skrini hujieleza yenyewe kupitia EDID, taarifa fupi ya baiti 128 au zaidi inayotaja vipimo vyake. Niliwahi kupoteza jioni nzima nikiiomba amri ya cvt, inayotunga mistari hiyo, kipimo cha 1366, nayo ikinirudishia 1368, nikidhani nimekosea kuandika. Kumbe huufanya upana ugawanyike kwa 8. Nilipolifuta faili lile la xorg.conf, skrini ilikaa sawa.

Andika kwanza xrandr, amri ya X inayoorodhesha vipimo vya skrini, peke yake: kipimo kinachopendekezwa huwa na alama ya kujumlisha, na kinachotumika huwa na nyota. Ukiona 1024 kwa 768 pekee, huenda kiendeshi (programu inayoiendesha) cha kadi ya picha hakijapakiwa, na jibu litafutwe katika kumbukumbu za X, kwa kawaida /var/log/Xorg.0.log.