Ulimi wa jukwaani unamponza nani?

Aprili 2012 Arusha ilipima ndimi za wanasiasa mara mbili ndani ya wiki moja. Tarehe 1, Arumeru Mashariki ilimchagua Joshua Nassari wa CHADEMA baada ya kampeni ambayo Livingstone Lusinde, mbunge wa Mtera aliyekuja kuinadi CCM, alimwaga matusi ya nguoni jukwaani, na video yake ikazagaa nchi nzima. Siku nne baadaye Mahakama Kuu ikamvua Godbless Lema ubunge wa Arusha Mjini, kwa kauli za kumdhalilisha mpinzani wake wa 2010, Dk. Batilda Buriani.

Hakuna aliyezama. Lusinde alirudi bungeni 2015 na 2020: wapiga kura wake wako Dodoma, matusi aliyaacha Meru. Lema alirudishwa na Mahakama ya Rufani Desemba hiyo hiyo, akashinda tena 2015. Wengi mjini hukumbuka shangwe tu. Rufani haikusema maneno yale yalikuwa safi. Ilisema wapiga kura waliofungua kesi hawakuwa na haki ya kuifungua, kwa kuwa si wao waliokosewa.

Wapo wanaosema mwanasiasa na ulimi wake aachiwe mpiga kura. Wana hoja, na Rombo wanaijua. Basil Mramba, mbunge wao, akiwa Waziri wa Fedha, alisema hata kama ni kula nyasi, ndege ya Rais itanunuliwa. Rombo ikampa kura 2005. Ikamwangusha 2010, tayari ana kesi ya matumizi mabaya ya madaraka mahakamani, na zile nyasi zikakumbushwa upya. Kauli peke yake haikumtoa. Ilisubiri kosa la kushikamana nalo.

Dola nayo ikishika rungu, huangalia aliyeguswa ni nani. Novemba 2016 Lema alikamatwa kwa kauli zake kuhusu Rais Magufuli, akasota mahabusu ya Kisongo miezi minne akihangaikia dhamana. Job Ndugai, aliyekuwa Spika wa Bunge, hakumtukana mtu. Alihoji mikopo, akasema nchi itakuja kupigwa mnada. Januari 2022 alijiuzulu uspika, hata baada ya kuomba radhi. Linganisha na matusi ya Arumeru, uone lipi lilimgharimu msemaji.

Kwa hiyo nawaelewa wanaoogopa sheria za maneno. Lakini siwezi kuliacha suala hili kwa kura peke yake, kwa sababu ya wanawake. Umati wa viwanja vya NMC, hapo Arusha mjini, hushangilia mgombea wa kike akisimangwa kwa ndoa yake, na anayesimanga huongeza kura palepale. Sheria ya uchaguzi ya 1985 ililiona hilo: mgombea aliyetumia tofauti ya kabila, dini au jinsia dhidi ya mwenzake aliweza kutenguliwa. Tusi la kawaida halikuhesabiwa humo, na mimi nadhani mpaka huo uliwekwa pazuri.

Tatizo ni nani atalipeleka kosa hilo mahakamani. Baada ya hukumu ya Rufani, mzigo ni wa aliyetukanwa mwenyewe, naye amekwisha kushindwa, pengine amepata kazi nyingine (Dk. Batilda alikwenda kuwa balozi Kenya, baadaye akawa mkuu wa mkoa). Akifungua kesi, mashahidi watasimama mmoja mmoja kuyarudia yale yale mbele ya jaji, karani anaandika, na magazeti ya kesho yake yanayachapa.