Tusipime Riadha ya Afrika kwa Nani Hakuja

Mashindano ya Riadha ya Afrika hayapewi heshima yake hapa kwetu, na sababu si fumbo: pesa. Mkimbiaji wa masafa marefu kutoka Iten au Kapsabet akipiga hesabu ya Ligi ya Almasi, ule msururu wa mashindano ya kulipwa, na marathoni za ng'ambo, safari ya Asaba au Douala, miji iliyowahi kuyaandaa, anaiona hasara tupu. Simlaumu. Miaka ya miguu kuzaa matunda ni michache, na karo hailipwi kwa bendera.

Ninaowalaumu ni sisi mashabiki. Kila msimu huku Kisumu utasikia yaleyale: fulani hakwenda, kwa hiyo mashindano hayana maana.

Yalianza Dakar mwaka 1979, wakati wanariadha wa Kenya walikuwa wamekosa Olimpiki ya Montreal ya 1976 na wangekosa ya Moscow mwaka uliofuata, zote kwa sababu za kisiasa. Ratiba yake ya mwanzo ilikuwa ya kubahatisha. Cairo iliyapokea 1982, ikayapokea tena 1985. Tangu 1996 yamekuwa ya kila baada ya miaka miwili, ila 2020 korona ikayafuta.

Kenya iliyaandaa 2010, uwanjani Nyayo. David Rudisha alikimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 42.84, tena katika hewa nyepesi ya Nairobi. Kabla mwezi wa Agosti haujaisha, alikuwa ameivunja, huko Berlin, rekodi ya dunia ya Wilson Kipketer iliyodumu tangu 1997. Hayo wengi wanayakumbuka. Wasichokumbuka ni kwamba kwenye mashindano hayohayo kijana wa Nandi, Julius Yego, alipata shaba ya kurusha mkuki.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Yego, aliyejifunza mbinu kwa kutazama video za YouTube, alichukua dhahabu ya Afrika Porto-Novo 2012 na Marrakech 2014. Mwaka 2015 akarusha mita 92.72 huko Beijing akawa bingwa wa dunia. Bara lilimlea kabla dunia haijamjua. Mtu wa mita 10,000 anaweza kupita njia nyingine. Mrusha mkuki wa Kenya angepita wapi?

Kisha Ferdinand Omanyala, mtoto wa Tongaren, Bungoma. Mauritius 2022 yeye na Akani Simbine wa Afrika Kusini walimaliza mita 100 wote kwa sekunde 9.93, ikabidi waamuzi wahesabu hadi sehemu za elfu za sekunde. Dhahabu ikaja kwetu. Mkenya wa mwisho kuitwaa kabla yake alikuwa Joseph Gikonyo, 1990! (Kinyozi wangu pale Kondele hadi leo anasema Simbine alitangulia. Amenyoa wengi, lakini macho yake siyaamini.)

Sasa tembelea michezo ya shule za huku. Mbio zimejaa tele. Mkuki ukipatikana ni mmoja, umepinda, na mchanga wa kurukia umegeuka nyasi. Halafu tunashangaa Wamisri na Wanaijeria wakibeba medali za kurusha na kuruka.

Uwanja wa Mamboleo hapa Kisumu upo, Bukhungu wa Kakamega upo. Kaunti zetu zikiandaa siku ya kurusha na kuruka pekee, bila hata mbio moja ya mita 5,000, nitalipa kiingilio na kinyozi wangu nitamlipia.