Kodi Analipa, Diwani Hamchagui

Aprili iliyopita mgombea udiwani alipiga hodi kwangu. Mkononi alikuwa na karatasi yenye majina ya wapiga kura wa mtaa mzima, yamepangwa kwa namba za nyumba. Tulizungumza kama dakika kumi: taa za barabarani, foleni ya nyumba za halmashauri, maktaba ambayo siku hizi inafunguliwa mara mbili kwa wiki. Alipoaga nilibaki mlangoni nikimtazama. Akaangalia karatasi yake, akaupita mlango wa jirani yangu bila hata kuusogelea, akaenda kugonga wa tatu.

Jirani yangu ni mama kutoka Bukavu, Congo. Ana miaka kumi na mmoja katika mji huu wa Uingereza; mimi nina saba. Anafanya kazi ya usiku ya kuwahudumia wazee, wanawe wanasoma shule moja na wangu, na ukuta wa sebule yake ndio ukuta wa sebule yangu. Kodi ya halmashauri tunalipa sawasawa, kwa kuwa nyumba zetu zimo katika daraja moja la kodi. Jioni ile aliniuliza, "Ule mutu alikuya kwako, kwangu hapana. Juu ya nini?" Nikakosa pa kuanzia.

Mimi ni Mtanzania, na Tanzania imo katika Jumuiya ya Madola, umoja wa nchi ambazo nyingi zilitawaliwa na Waingereza. Sheria ya Uingereza inamruhusu raia wa nchi yoyote ya Jumuiya hiyo anayeishi hapa kihalali kujiandikisha na kupiga kura, ya diwani na hata ya mbunge. Mkenya naye anapiga, Mganda anapiga. Congo haimo, Burundi haimo. Rwanda, ambayo Waingereza hawakuwahi kuitawala, ilijiunga mwaka 2009, kwa hiyo leo mwanamke aliyezaliwa Rusizi akifika hapa kihalali anapata kura. Aliyezaliwa Bukavu, ng'ambo ya pili ya Mto Ruzizi, ambaye utotoni alikuwa anauona mji wa mwenzake kwa macho, hapati. Hakuna aliyekaa akapima nani anaujua mtaa zaidi wala nani ana haja nao zaidi. Ni masalia ya himaya yaliyoachwa katika vitabu vya sheria, nami nimeyakuta nikanufaika nayo bila kuyafanyia kazi yoyote.

Udiwani unagusa nini hasa? Takataka, nafasi za watoto shuleni, matunzo ya wazee, vibali vya ujenzi, maktaba, nyumba za kupanga. Tazama yaliyotokea Birmingham. Septemba 2023 halmashauri ya jiji ilitangaza kwamba haiwezi tena kubeba matumizi yake, baada ya kulemewa na madai ya wafanyakazi wanawake waliolipwa pungufu ya wanaume, pamoja na mfumo wa kompyuta uliogharimu kupita kiasi. Aprili 2024 kodi ikapandishwa kwa asilimia 9.99, mwaka uliofuata ikaongezwa asilimia 7.49, na huduma zikapunguzwa. Nyongeza ile haikumuuliza mlipaji ana pasipoti gani. Mkongo wa Birmingham alilipa, Msomali alilipa, Msudani alilipa. Siku ya kuwawajibisha walioliingiza jiji katika deni, hao wanaambiwa wakae nyumbani.

Watu wengi, wakiwemo Watanzania wenzangu, hunijibu kwamba anayetaka kura achukue uraia. Ni rahisi kusema. Maombi ya uraia wa Uingereza yanagharimu zaidi ya pauni 1,500 kwa mtu mmoja, na kwa anayewahudumia wazee hiyo ni karibu mshahara wa mwezi mzima. Halafu katiba ya Congo inasema uraia wa Kikongo ni mmoja na hauchangamani na mwingine. Sheria yetu ya Tanzania nayo haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia pacha. Yaani tunamwambia mama huyu auache uraia wa nchi walikozikwa wazazi wake ili apate kusema neno kuhusu taa za barabarani. Siwezi kumwambia hivyo usoni, na nashangaa wanaoweza.

Hoja ya uaminifu kwa taifa naiheshimu zaidi. Bunge linaamua vita, mikataba, mipaka, na mtu mwenye pasipoti ya nchi nyingine anaweza kujikuta katikati. Ndiyo maana mimi nataka mpaka uwekwe hapo hapo, kati ya bunge na halmashauri. Kura yangu ya mbunge naipiga kwa sababu sheria imenipa, lakini sijawahi kuona ninaistahili kuliko jirani yangu anavyostahili kura ya diwani. Wangeniambia leo kwamba yangu ya bunge itaondolewa ili kila mkaazi halali mwenye miaka mitatu apate ya halmashauri, ningekubali.

Wala halitakuwa jambo geni. Jirani yangu angehamia Glasgow angepiga kura, kwa sheria ya Scotland ya mwaka 2020. Angehamia Cardiff angepiga, kwa sheria ya Wales iliyofuata. Ireland inamruhusu hata anayesubiri majibu ya ombi la ukimbizi, mradi ni uchaguzi wa madiwani. Uswidi imefanya hivi tangu mwaka 1976: siku moja ya uchaguzi, karatasi za rangi tatu, ya njano ya bunge, ya bluu ya mkoa, nyeupe ya manispaa, na mgeni aliyetimiza miaka mitatu anazo hizo mbili za mwisho. Kweli, mwitikio ulipungua. Mwaka ule wa kwanza wageni waliojitokeza walikaribia asilimia 60, na baadaye wakashuka sana. Lakini hapa Uingereza uchaguzi wa madiwani mara nyingi huwatoa nyumbani theluthi moja tu ya waliojiandikisha, na hakuna anayesema wale wengine wanyang'anywe kura.

New York walijaribu wakashindwa. Desemba 2021 baraza la jiji lilipitisha sheria ya kuwapa kura wakaazi wapatao 800,000 wasio raia, na Machi 2025 mahakama ya juu ya jimbo ikaifuta, majaji sita kwa mmoja, ikisema katiba ya jimbo imetaja raia. Majaji wamesoma walichokikuta kimeandikwa. Mimi nasema kibadilishwe kilichoandikwa.

Sasa nyumbani, na hapa ndipo pananiuma. Wakimbizi wa Burundi walioingia Tanzania mwaka 1972 walipelekwa Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Walifyeka msitu, wakalima mahindi na tumbaku, wakajilisha na kuuza ziada. Wapatao 162,000 walipewa uraia wetu, na uamuzi huo ulikamilishwa mwaka 2014. Hilo ni jambo kubwa, na ninajivunia nchi yangu kwalo. Ila hesabu miaka. Mtoto aliyezaliwa Katumba mwaka 1973 alifikisha arobaini na mmoja akiwa amelima, ameoa, amezika, na hajawahi kusimama kwenye mstari wa kumchagua hata mwenyekiti wa kijiji. Katiba yetu ibara ya 5 inampa kura raia, basi. Siwezi kulilia mlango uliorukwa hapa huku nikiunyamazia ule wa Katavi, mkoa ilipo Katumba.

Nina mjomba Mpanda, mkulima, mtu wa mikutano ya kijiji. Nilipomweleza haya kwa simu alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, hao ukiwapa kura watatuchagulia wa kwao." Nikamkumbusha kwamba Waingereza wananisema mimi hivyo hivyo. Hakukubali. Desemba naenda likizo, na nimemwomba anitafutie nafasi mkutano wa kijiji utakapokaa. Amesema nitasema mwenyewe, yeye atakaa upande wa pili.